Mumosho: kibwenzi na kamba ya mzigo



Kila juma tunawaletea mahali pamoja pa jimbo letu la Kivu ya Kusini na jambo moja ambalo wamama wa huko wametufunza. Juma hili tulishuka Mumosho, na jambo lenyewe ni nywele. Tunasema nywele fupi zenye kibwenzi, yaani zile zinazokatwa nyuma na pembeni, na mbele zikaachwa zianguke kidogo juu ya paji la uso. Wabinti wa mjini wanaziita franji, wamelitoa neno katika Kifaransa. Waswahili wa pwani wana neno lao la zamani, kibwenzi, nasi tutatumia hilo.

Tunajua kuna mama atakayesema: mihogo imeoza shambani, karo ya shule haijalipwa, na ninyi mnatuletea habari za saloni? Tunamwomba asome hadi mwisho. Kule Mumosho habari ya nywele za mbele imefungamana na mzigo, na mzigo ndio unaolipa karo.

Safari yenyewe si ndefu. Kutoka Bukavu mjini unapita Essence, unafika Panzi, unaiacha hospitali iliyofunguliwa mwaka 1999, ile iliyolifanya jina la Panzi lijulikane dunia nzima, halafu nyumba zinaanza kupungua na migomba inaongezeka. Mumosho ni ya teritware ya Kabare. Milima inateremka kuelekea mto Ruzizi, na ng'ambo ya mto ni Rwanda. Ruzizi unatoka Ziwa Kivu pale pale Bukavu, mahali palipo juu ya bahari kwa mita kama 1 460, na unaporomoka hadi Ziwa Tanganyika ambalo halifiki mita 800. Kwa hiyo kadiri unavyoshuka joto linaongezeka. Mwili unalihisi, na kichwa chenye meshi nzito kinalihisi zaidi.

Huko chini, kwenye korongo la mto, kuna kituo cha umeme cha Ruzizi II. Kilianza kazi mwaka 1989, na ni cha nchi 3 kwa pamoja: Kongo, Rwanda na Burundi. Umeme unazaliwa hapo, lakini nyumba nyingi tulizopita zinawasha taa ya sola au kibatari. Mliangalie jambo hilo vizuri, kwa sababu vitabu vya mitindo vinamwambia mwanamke atumie mashine ya upepo wa moto na pasi ya nywele. Mama wa Mumosho anahitaji kichwa kinachotengenezeka kwa maji, kitana na uzi.

Barabarani tulikutana nao wakipanda tulipokuwa tukishuka. Mmoja ana makala, mwingine ana mihogo, mwingine kuni, mwingine ndizi za kupikwa. Mzigo uko mgongoni, mwili umeinama, na uzito wote umeshikwa na kamba inayopita juu ya paji la uso. Sisi wa Bukavu tunakula na kupika kwa nguvu ya mapaji hayo, na ni mara chache tunayaangalia.

Saloni tuliyofika ni kibanda cha mbao karibu na soko. Ndani kuna kioo kimoja, viti viwili, benchi la kungojea, na sahani ya sola juu ya bati kwa ajili ya mashine ya kunyolea na simu za watu. Mama mwenye saloni alijifunza kazi mjini akarudi kwao. Siku hiyo wanawake 5 walikuwa kwenye benchi, na 3 kati yao walitaka kukata. Tulikaa nao asubuhi nzima.

Wa kwanza alikuwa mama wa miaka 30 na kidogo, mbebaji wa mizigo tangu ujana wake. Alipofungua kitambaa, tuliona kwamba nywele za mbele zimekwenda. Kuanzia sikio hadi sikio palikuwa na njia tupu ya upana wa vidole viwili, na katikati ngozi inang'aa kama kikombe kilichosuguliwa. Kwa miaka mingi alikuwa akisuka rasta za kuvuta sana ili meshi zifunike mahali pale. Kila aliposuka, njia iliongezeka. Akamwambia mama wa saloni:

"Yaya, nimeona wabinti wa Bukavu na franji yao. Inaweza kunifunika hapa? Na kama inaweza, kamba yangu itapita wapi?"

Mama wa saloni hakumjibu haraka. Alimpeleka mlangoni penye mwanga, akamgusa kichwa kwa kidole, akasema: "Mama, nisikudanganye. Hapa panapong'aa sijui kupanda nywele. Lakini hapa pembeni, unaona hivi vinywele vidogo kama vya mtoto? Hivi viko hai bado. Tukiacha kuvivuta, vitakuja."

Maneno hayo ni ya kweli, nasi tunataka kila mama ayashike. Shina la nywele likivutwa siku nyingi, kwa kamba, kwa rasta zilizokazwa au kwa kitambaa kinachobana, linachoka. Mwanzoni linatoa onyo: ngozi inauma siku ya kusuka, vipele vidogo vinatokea kwenye mstari wa nywele, nywele za panjani zinakatika. Ukiacha kuvuta wakati huo, nywele hurudi. Ukiendelea kwa miaka, shina linakufa, ngozi inakuwa laini na kung'aa, na hakuna mafuta ya sokoni yatakayoirudisha. Na nywele zilizotiwa defrizan kisha zikasukwa kwa kukazwa ziko hatarini zaidi, kwa sababu dawa ile imekwisha kuzidhoofisha.

Lakini kwa nini basi wamama wanaogopa kukata? Koko mmoja aliyekuwa akiuza nyanya mbele ya kibanda alitueleza bila kuulizwa. Alisema: "Kwetu mwanamke akinyoa, watu wanauliza nani amekufa." Ndivyo ilivyo. Katika vijiji vya Bushi, kichwa kilichonyolewa ni alama ya msiba. Kwa mtoto ni alama ya shule. Kwa mtu mzima majirani wananong'ona kwamba ni ugonjwa au umaskini. Mbebaji yule mwenyewe alikuwa amekata nywele zote mara moja tu, alipomzika mama yake. Hakutaka kuonekana hivyo tena bila sababu.

Hapo ndipo tulipoelewa kazi ya kibwenzi. Nywele zikiwa fupi pande zote, watu wanasoma msiba. Zikiwa fupi nyuma na zimeachwa mbele kwa kipimo, zimechanwa, zimepewa umbo, watu wanaona mkono wa fundi na hiari ya mwenye kichwa. Tofauti ni sentimita chache tu za nywele, lakini zinamwambia kila anayepita kwamba mwanamke huyu hakupatwa na jambo, amechagua.

Wala si jambo geni katika milima yetu kwamba nywele za mbele zinasema. Hapo ng'ambo ya Ruzizi, Wanyarwanda wa zamani walikuwa na amasunzu: nywele zinanyolewa sehemu moja na sehemu nyingine zinaachwa zisimame kama matuta. Msichana ambaye hajaolewa alijulikana kwa amasunzu yake. Na mwanamke aliyezaa alivaa urugori, ukanda wa bua la mtama unaozunguka kichwa na kupita juu ya paji la uso, kwa heshima ya umama. Mahali pale pale ambapo bua la mtama lilikaa kwa heshima, wengi wetu leo tunaweka kamba.

Wengine pia wamejaribu kuamua juu ya vichwa vyetu. Tanzania, vijana wa TANU walitangaza Operesheni Vijana mwaka 1968, na kuanzia tarehe 1 Januari 1969 nguo fupi, suruali za kubana, krimu za kujichubua na nywele za bandia zikapigwa marufuku. Kwetu, wakati wa Mobutu, mwanamke aliyevaa suruali alikuwa amevunja amri. Hatukumbushi hayo ili kugombana na wazee. Tunakumbusha kwamba nywele za mwanamke zimezungumzwa sana na watu wasiozichana. Mume aulizwe, mama mkwe asikilizwe, lakini anayeamka nazo asubuhi ni mmoja.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana mbebaji yule alikata, na wenzake wawili wakakata, nasi tuliangalia kila hatua.

Kuchagua

Anza na uso. Mwenye uso wa duara afanye kibwenzi cha upande mmoja, kiteremke kwa mshazari, na juu ya kichwa pabaki na nywele kidogo ili uso urefuke. Mwenye uso mrefu anafaa kibwenzi kinachofika nyusi moja kwa moja, kinafupisha. Mwenye paji pana ana bahati hapa, kwa sababu kibwenzi kizito kinamkaa vizuri. Mwenye paji dogo asianze nyuma sana kichwani, achukue nywele chache tu za mbele, ziwe nyepesi, paji lionekane katikati yake.

Halafu uangalie mstari wa nywele. Kama za mbele kabisa zimekwenda, kama kwa mbebaji yule, kibwenzi hakikatwi kutoka kwenye vinywele vinavyojaribu kuota. Kinakatwa kutoka kwenye nywele zenye nguvu zilizo nyuma yake, kisha kinaletwa mbele kufunika. Vile vidogo vinaachwa vipumzike chini yake. Hivyo kibwenzi kinafunika bila kuvuta, na hapo kinazishinda rasta.

Mwisho uangalie kazi yako. Anayelima, anayebeba, anayepika kwenye moshi, asichague kibwenzi cha kumwingia machoni.

Kukata

Nywele zetu za asili zikatwe zikiwa kavu, zimeoshwa na kuchanwa. Zikiwa na maji zinajivuta na kulala, na fundi anadanganyika. Zikikauka zinajikunja na kupanda juu. Kwa hiyo ukitaka kibwenzi kifike kwenye nyusi, kikivutwa kwa kidole kifike katikati ya pua. Kikiachiwa kitapanda chenyewe. Mama wa saloni alikata kidogo, akaachia, akatazama kwenye kioo, akakata tena kidogo. Mkasi aliushika wima, ukingo ukatoka laini bila kufanana na ufagio.

Haraka haina faida hapa. Nywele huota karibu sentimita 1 kwa mwezi. Kibwenzi kilichokatwa kifupi mno kitakungojesha miezi 2 au 3.

Kutengeneza bila umeme

Hii ndiyo sehemu tuliyoipenda zaidi. Usiku, gawa kibwenzi mafungu 4 au 5. Kila fungu lizungushie uzi mweusi wa kusukia, kuanzia karibu na ngozi hadi nchani, bila kukaza. Funga kichwa kwa kitambaa laini, lala. Asubuhi fungua uzi, tenganisha kwa vidole vyenye mafuta kidogo sana. Nywele zimenyooka, zimelainika, na hakuna pasi iliyozichoma. Anayependa mawimbi, asokote badala ya kuzungushia uzi.

Mafuta yasizidi. Mafuta yanayoteremka kutoka kwenye kibwenzi, yakichanganyika na jasho na vumbi la barabara, yanaleta vipele kwenye paji. Osha kichwa mara moja kwa juma, na katikati ya juma osha kibwenzi peke yake na upanguse paji kwa maji safi.

Kama unatumia defrizan, usiipake juu ya kidonda, usirudie kabla ya juma la 8, na usisuke mara baada ya kuipaka. Kwa watoto, hapana. Ngozi ya kichwa cha mtoto inaungua upesi.

Usafi wa saloni

Wembe uwe mpya, ufunguliwe mbele ya macho yako, na usitumike kwa mwingine, kwa sababu damu ndogo isiyoonekana inaweza kupitisha ugonjwa wa ini au virusi vya UKIMWI. Mashine na mkasi vipanguswe kwa alkoli kila mteja akitoka. Choa cha kichwa kinapita kwa kitana na mashine, na watoto ndio wanaokipata zaidi. Mama wa Mumosho alikuwa na chupa yake ya alkoli mezani, kila mtu anaiona. Msione haya kuuliza chupa iko wapi.

Na gharama? Rasta ndefu za meshi zinamshika mwanamke kitini saa 5 au 6, na bei ya meshi ni juu yake. Kukata kulichukua chini ya saa 1 kwa kila mmoja. Mwenye kichwa kifupi atarudi saloni kila baada ya majuma 6 hivi kukisawazisha, hilo alihesabu. Lakini siku nzima ya kazi haipotei.

Tunarudi kwenye swali la mbebaji: kamba yangu itapita wapi? Swali lilibaki hewani hadi fundi alipoweka mkasi chini. Mbebaji alijitazama kwenye kioo, upande huu, upande ule. Kibwenzi kilimfikia juu ya nyusi, na njia ile tupu haikuonekana. Hakusema kitu. Ni koko wa nyanya aliyesema kutoka nje: "Sasa kesho ukifunga mzigo, utaviua hivyo vidogo tena."

Wakaanza kuzungumza wote kwa pamoja, na katika maneno yao tuliokota mambo matatu. La kwanza, kabla ya kufunga mzigo, kibwenzi kirudishwe nyuma na kufunikwa kwa kilemba kisichobana, ili kamba isishike nywele na kuzivuta. Jioni kinateremshwa. La pili, kamba tupu isikae juu ya ngozi. Kikwembe kizee kikunjwe mara 4, kishonwe kiwe ukanda mpana wa vidole 4, uzito ugawanyike badala ya kukata mahali pamoja. Na ukanda uhamishwe kidogo siku kwa siku, leo juu, kesho chini kidogo, mahali pamoja pasichoke peke yake. La tatu ndilo gumu: mzigo upungue. Mmoja wao alisema kwamba katika AVEC yao wanawake 4 wameanza kuchanga kila sokoni walipie pikipiki moja kwa magunia yote, nao wanapanda na vikapu vidogo. Wanabaki na franka chache zaidi mkononi siku hiyo, lakini shingo haiumi usiku, na wanafika sokoni mapema kabla bei haijashuka.

Hatutasema kwamba kibwenzi kimemwondolea mama yule mzigo. Tulimwona akiondoka na kikapu chake mgongoni. Lakini chini ya kamba palikuwa na kikwembe kilichokunjwa, alichokiomba kwa mama wa saloni, na nywele zake zilikuwa salama ndani ya kilemba. Alituambia atarudi baada ya miezi 3 tupime vile vinywele vidogo. Tumeandika tarehe.

Wamama, kwenye mkutano ujao kila mmoja alete kikwembe kizee ambacho hakivaliki tena, safi na kikavu. Wenye mashine za kushona watatuonyesha namna ya kutengeneza ukanda wa kamba, na tutapeleka Mumosho vitakavyopatikana. Anayetaka kukata nywele alete pia mkasi wake na wembe mpya. Na usiku huu, mwite binti yako, mpapase mstari wa nywele kwa kidole. Ukimsikia anasema "mama, inauma hapo", fungua rasta hizo kabla hajalala.